Mkate waja leo, uondoke leo: Solver ya Excel kwenye kiwanda changu cha mikate Makorora, Tanga

Jibu la kwanza nililopewa na Solver, programu iliyo ndani ya Excel ya kutafuta mgawanyo wenye faida kubwa, lilikuwa hili: acha boflo, acha skonzi, oka keki tupu. Mikupuo 12 ya oveni kwa usiku mmoja, pakiti 480, faida shilingi 168,000. Nilicheka mpaka mkandaji wangu akaja kuchungulia kuna nini. Mimi keki nauza pakiti 80 kwa siku, na hizo zenyewe shule zikiwa wazi. Nyingine 400 ningempa nani, samaki wa Deep Sea?

Kosa lilikuwa langu. Sikuiambia programu kwamba keki zina mwisho wake, nayo ikaamini kila nilichoandika na kila nilichonyamazia. Nina miezi minane nayo sasa, na sehemu kubwa ya haya ninayoandika inarudi palepale: hesabu inaijua vizuri, ila Makorora haijawahi kufika.

Kiwanda nimeachiwa na baba. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima tu: chumba kimoja, oveni moja ya gesi, mashine ya kukandia, meza mbili za mbao, watu wa usiku wachache, kijana wa guta na kijana wa baiskeli. Tunatoa boflo, skonzi na keki za vikombe, tunapeleka maduka 14 kuanzia Msambweni na Ngamiani mpaka ng'ambo ya reli. Jumapili hatuoki.

Solver yenyewe huinunui peke yake. Imo ndani ya Excel ya kompyuta, ila imefichwa. Unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya Add-ins, unaiwekea tiki, halafu inajitokeza kwenye menyu ya Data. Kwenye simu haipo, usijisumbue kuitafuta. Kama huna Excel, LibreOffice ni ya bure na ina Solver yake chini ya menyu ya Tools. Faili langu lilelile nilipolifungulia huko likatoa jibu lilelile. Unaionyesha kisanduku cha lengo, kwangu mimi faida ya usiku. Unaionyesha visanduku inavyoruhusiwa kuvichezea, yaani mikupuo mingapi ya kila bidhaa. Kisha unaiwekea mipaka isiyotakiwa kuvuka. Inakutafutia mgawanyo wenye faida kubwa kuliko yote ndani ya mipaka hiyo, na kwa biashara kama yangu haimalizi hata sekunde.

Aliyeniletea habari hizi ni mtoto wa kaka yangu, anasoma takwimu chuoni, alikuja likizo. Jioni ya kwanza akakaa na kompyuta yake juu ya gunia la unga akaniuliza, "Shangazi, mkupuo mmoja wa boflo unakaa ndani dakika ngapi?"

"Mpaka uive."

"Dakika ngapi, shangazi?"

Nimekulia kwenye oveni ile. Najua boflo imeiva kwa harufu, najua kwa mlio ukiigonga chini kwa vidole. Dakika sikuzijua. Mkandaji alisema nusu saa, mwenye oveni akasema saa nzima, wakaanza kubishana mbele yangu.

Basi tukanunua kaunta buku, tukafunga simu yenye saa kwenye msumari ukutani, tukaandika wiki tatu mfululizo. Hapo ndipo palipo na kazi, sio kwenye kompyuta. Mwenye oveni alinuna siku nne za mwanzo akidhani napima uvivu wake. Ilibidi nikae naye tunywe kahawa, nimweleze kwamba ninayempima ni oveni.

Yaliyotoka kwenye kaunta buku ni haya. Mkupuo wa boflo ni mikate 60 na unashika oveni dakika 40, tangu mlango ufunguliwe kuingiza mpaka ufunguliwe tena kwa mkupuo unaofuata. Skonzi ni pakiti 60 kwa dakika 25. Keki ni pakiti 40 kwa dakika 30. Mezani mambo yanageuka: boflo 60 zinaviringwa kwa dakika 30 za mtu mmoja, keki zinakula dakika 40, na skonzi, kwa sababu kila pakiti ina sita na kila moja inaviringwa kwa kiganja, zinakula dakika 90. Oveni inafanya kazi saa tatu usiku mpaka saa tisa, dakika 360. Mezani kuna kina dada wawili, jumla dakika 720. Ukitoa unga, sukari, mafuta, hamira, gesi na mfuko, boflo moja inaniachia 200, pakiti ya skonzi 150, pakiti ya keki 350. Kwa mkupuo ni 12,000, 9,000 na 14,000.

Nilivyokuwa naoka tangu enzi za baba ni mikupuo saba ya boflo, miwili ya skonzi, mmoja wa keki. Ukijumlisha, oveni imejaa dakika zote 360 na faida ya karatasini ni 116,000. Nani angesema kuna tatizo?

Baada ya lile jibu la keki tupu, tukaweka mpaka: keki zisizidi mikupuo miwili, skonzi zisizidi sita, maana maduka yalisema yangechukua mpaka pakiti 360, zilikuwa zinawaishia kabla ya saa moja asubuhi. Tukabonyeza tena. Ikaleta boflo mikupuo 3.86, skonzi 5.82, keki 2, faida 126,737. Sasa mkupuo wa 0.86 unauokaje? Nikafanya kama ambavyo yeyote angefanya: boflo nne, skonzi sita, hesabu imekwisha. Kijana akaniambia, "Jumlisha kwanza, shangazi." Nikajumlisha. Oveni inataka dakika 370 na mimi ninazo 360. Mezani wanataka 740 na ninazo 720. Kukadiria kwangu kumevunja mipaka yote miwili kwa mara moja.

Dawa ni kuiambia Solver, kwenye orodha ya mipaka, kwamba visanduku vile vinataka namba kamili. Ikaja na boflo tano, skonzi nne, keki mbili. Oveni dakika 360 kamili, mezani 590, faida 124,000. Angalia hiyo tano na nne ilivyo mbali na 3.86 na 5.82. Mimi kwa kukadiria nisingefika hapo, ningekuwa nazunguka kwenye nne na sita na tano tano mpaka kuche. Ukifika hatua hii, ingia kwenye Options uishushe ile asilimia ya Integer Optimality iwe sifuri, kwa sababu ilivyotoka kiwandani inaridhika na jibu lililo karibu na bora kwa asilimia moja. Kwenye hesabu ndogo kama yangu huna sababu ya kuiruhusu iridhike.

Mtoto wa kaka alinisimulia kwamba swali hili ni la zamani. Mwaka 1938, huko Leningrad, maabara ya shirika la plaiwudi ilimpelekea mwanahisabati Leonid Kantorovich suala la kugawa kazi kwenye mashine zao ili mbao zitoke nyingi, na kutokana na kazi ya namna hiyo akaja kupata Nobel ya uchumi mwaka 1975 pamoja na Tjalling Koopmans. Njia inayoitwa Simplex, ambayo ndani ya Solver unaichagua kwa jina hilohilo, ni ya George Dantzig, mwaka 1947, akiwa na jeshi la anga la Marekani. Plaiwudi, ndege za vita, boflo. Nilimwambia kwamba baba angefurahi kujua amewekwa kundi moja na majenerali.

Ila chenye thamani kwangu kuliko jibu lenyewe ni ripoti inayoitwa Sensitivity. Unaipata ukiwa umeondoa sharti la namba kamili, maana ukiliacha haina maana. Inakuambia dakika moja zaidi ya kila kitu ingekuongezea shilingi ngapi. Kwangu ilisema dakika ya oveni ina thamani ya shilingi 284. Dakika ya mezani, shilingi 21.

Nilikaa kimya kidogo. Mwezi huohuo nilikuwa nimeshaongea na dada mmoja wa Duga aje awe mtu wa tatu mezani, kwa sababu wale wawili walikuwa wanalalamika kuchoka. Walikuwa wanachoka kweli, lakini kuchoka kwa kusimama na trei mkononi wakisubiri oveni ifunguliwe. Ningemleta wa tatu wangesimama watatu. Badala yake nimemwomba mwenye oveni awashe nusu saa mapema, saa mbili na nusu, na ninamwongezea 2,000 kwa usiku. Dakika 390 zikanipa mkupuo wa tano wa skonzi, faida ikawa 133,000. Yule dada wa Duga ilibidi nimpigie simu ya kumwomba radhi, na hiyo hakuna ripoti inayokufanyia.

Sasa nije kwenye kitu ambacho Solver ilikuwa imenificha, au tuseme nilichoificha mimi. Karatasi ilisema kutoka mpango wa zamani kwenda mpya nitapata 8,000 zaidi kwa usiku. Mwisho wa wiki ya pili droo ya fedha ilikuwa imezidi sana hapo. Nilihesabu mara mbili nikidhani kuna mtu hajalipwa. Jibu lilikuwa kwenye kona ya chumba, kwenye lile kreti la mikate inayorudi. Lilikuwa karibu tupu.

Faili letu lilichukulia kwamba kila mkate unaookwa unauzwa. Kumbe zamani, kati ya boflo 420, 38 zilikuwa zinarudi kwa siku. Boflo inanigharimu 700, naiuza dukani 900, ikirudi nawauzia wafuga kuku kwa 400. Kwa hiyo kila inayorudi siipati ile 200 niliyoandika kwenye faili, na juu yake napoteza 300. Mara 38 ni 19,000 kila siku. Faida yangu ya kweli haikuwa 116,000, ilikuwa 97,000, na nimeishi nayo miaka bila kuijua kwa sababu fedha za wafuga kuku zinaingia kwenye droo ileile na mkononi zinaonekana kama mauzo. Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo ningeuandika kwenye mifuko ya boflo.

Na hata hiyo 38 ni wastani, na wastani una hila. Tulipozipanga siku kwa siku, Jumatatu mpaka Ijumaa zilikuwa zinarudi 28, Jumamosi 88. Jumamosi watu wako nyumbani, wanapika vitumbua na chapati, wanachemsha mihogo, nani anataka boflo? Sasa najua kwamba hata nikipata oveni ya pili, Jumamosi siongezi boflo.

Mtoto wa kaka akanionyesha hesabu nyingine, hiyo haihitaji hata Solver. Ikiuzwa napata 200, isipouzwa napoteza 300. Chukua 200 ugawe kwa 500, yaani zote mbili kwa pamoja, inakuja 0.4. Maana yake nioke kiasi ambacho, katika siku kumi, siku nne tu ndizo mkate unabaki, na siku sita unaisha na watu wanataka. Baba asingekubali kusikia. Kwake duka kukosa mkate ilikuwa aibu ya nyumba. Na hakuwa amekosea moja kwa moja: mwenye duka mmoja Msambweni, baada ya kukosa boflo mara tatu, alihamia kwa mwoka mwingine na bado hajarudi. Nikisema kila mteja aliyekosa ananigharimu 100 ya uhusiano, ile 0.4 inapanda kuwa 0.5. Hiyo 100 nimeitoa wapi? Kichwani. Nimeibadilisha mara kadhaa na sijaridhika nayo.

Nilichojuta ni programu nyingine, ya kulipia, ambayo nililetewa na vijana wa kampuni moja kutoka mji mkubwa, ya kupanga njia za kusambaza mzigo. 150,000 kwa mwezi. Walikuja na fulana zenye nembo na mfano mzuri sana wa namba: maduka 14 yanaweza kutembelewa kwa mpangilio zaidi ya bilioni 87 tofauti, kwa hiyo binadamu hawezi kuchagua ulio bora. Namba ni kweli, nimeihakiki, ni 87,178,291,200. Ila programu yao ilipima umbali kwa mstari ulionyooka kama kunguru anavyoruka. Mtu wa Tanga anajua kati ya Ngamiani na mjini kuna reli, na huvuki popote unapotaka. Siku ya kwanza ilimpeleka kijana wangu wa guta ng'ambo, ikamrudisha, ikampeleka tena. Skonzi zilifika dukani watoto wameshaingia darasani. Nililipa miezi miwili kwa sababu mkataba ulisema miwili.

Baadaye tukajaribu wenyewe kwa Solver. Ina njia inayoitwa Evolutionary ambayo inaweza kupanga mfuatano. Kiwanda na maduka 14 vinatoa jozi 105 za kupimiwa dakika. Za jirani tulizipima, nyingine kijana wa baiskeli alizikadiria, na ukadiriaji wake ni wa kuaminika, huyo amezaliwa juu ya tandiko kama nusu ya mji huu. Njia hii haikuhakikishii kwamba jibu ni bora kabisa, na ukibonyeza tena inaweza kukuletea jingine. Ilitupa njia fupi kuliko yake kwa dakika 11. Kijana wa baiskeli akaiangalia, akacheka. "Bosi, hapa mwanzo pamefungwa. Mzee huyu hafungui mpaka atoke msikitini." Tukamrudisha mzee mahali pake. Faida iliyobaki ikawa dakika nne. Basi, nikamwachia kijana njia zake.

Solver naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano naikata kwa namna inavyokataa. Mwezi uliopita nilikuwa nimeshawaahidi watu boflo 480 na skonzi 180 kwa usiku mmoja. Nikaweka ahadi hizo kama mipaka, ikaniandikia kwa Kiingereza kwamba haikupata jibu linalowezekana, ikaishia hapo. Kwenye ujumbe huo haikunionyesha nimekwamia wapi. Nilijumlisha kwa kalamu: mikupuo nane ya boflo ni dakika 320, mitatu ya skonzi ni 75, jumla 395, nami nina 390. Dakika tano! Lakini pia niseme, bila yenyewe ningeligundua hilo saa nane za usiku na mikate mbichi imeumuka mezani. Nilipiga simu mapema, nikapunguza boflo.

Kama unauza kitu kimoja tu, maandazi peke yake tuseme, hakuna cha kugawanya, kaunta buku inakutosha. Kama una bidhaa tatu zinazogombania oveni moja, au cherehani moja, au jokofu moja la samaki, ijaribu, na tenga zile wiki tatu za kuandika kabla hujagusa kompyuta.

Kuna mstari mmoja kwenye ile ripoti ambao umekuwa ukiniwasha tangu mwanzo: kila mkupuo wa keki zaidi ya ile miwili ungeniongezea shilingi 4,632, endapo ningepata wa kuzila. Nikiweka mitatu, na ile nusu saa ya ziada ya oveni, inaondoa mkupuo mmoja wa skonzi na faida inafika 138,000. Kwa hiyo jana nilimpa kijana wa guta pakiti 40 azipeleke stendi ya Kange, kwa wauza chai na kwenye madirisha ya mabasi. Amerudi saa nne na pakiti tisa. Mbili wameshazila watoto wa jirani wakati natafuta kalamu, lakini zote tisa nimeziandika.